Mawaridi ya Kaburi la Baba

Juzi tulimzika jirani yangu hapa karibu na Nyaramba, mwanamke ambaye nimechuma naye chai tangu tukiwa na meno yote. Watoto wake walitoka Nairobi na maua ya waridi, kila ua limefungwa kwenye karatasi yake ya nailoni, na msichana mmoja akapita katikati yetu akigawa kama anayegawa mandazi. Kila mtu alitakiwa atupe lake ndani ya kaburi. Mimi niliweka mikono chini ya leso. Yule msichana akasimama akinisubiri. Nikamwambia apite.

Jioni mjukuu wangu akaniuliza, "Nyanya, mbona ulikataa ua la watu?" Nikamwambia mikono yangu ilikuwa na baridi. Haikuwa uongo, lakini haikuwa jibu. Jibu ni refu na halimhusu mtoto wa miaka kumi na tisa.

Ninawaandikia watu wa umri wangu. Siku hizi kaburi linajengwa kwa simenti na kuwekwa vigae kama bafu la hoteli, na picha ya marehemu inacheka hapo juu. Nyinyi mnakumbuka ilivyokuwa. Mtu alizikwa kando ya nyumba yake, udongo ukarudishwa ukakaa kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, mvua zikaushusha, na msimu wa pili mahindi yakapandwa juu. Hakuna aliyeona ni vibaya. Mtu alikuwa amerudi shambani kwake. Ukiuliza amelala wapi, unaonyeshwa kwa kidevu tu, huko.

Baba yangu alifanya kazi upande wa Kericho, kwenye mashamba makubwa ya chai, kwa nyumba ya meneja Mzungu. Hakuchuma chai. Alitunza bustani. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, na sikumjua sana. Nilijua koti lake la kazi, na mikono yake iliyokuwa imekwaruzwa na miiba hadi juu ya kiwiko, na namna alivyochuchumaa mbele ya mmea wowote na kuutazama kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Alikuwa amemwambia mama kwamba atamletea maua ayapande nyumbani. Mama alimcheka. "Tutayapika na nini?" alimwuliza.

Alikuwa ayalete Krismasi. Kabla ya hapo akashikwa na kifua, na kabla mwaka haujageuka sana akaletwa akiwa ndani ya sanduku, juu ya lori la kampuni.

Dereva wa lile lori alikuwa Mkipsigis mrefu, mtu wa maneno machache. Yeye na mama walielewana kwa Kiswahili, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha kununulia chumvi. Baada ya sanduku kushushwa, yule dereva alirudi kwenye lori akatoa mikebe saba ya samli. Kila mkebe ulikuwa na kijiti chenye miiba na majani machache.

"Mama," akasema, "hii ni rosi. Mzee alichomeka yeye mwenyewe, alikuwa analeta kwako. Sasa mimi nimeleta."

Mama akaitazama mikebe. Hakuwa amelia siku ile yote. Hapo ndipo alipolia.

Dereva akangoja amalize, kisha akasema, "Sikia vizuri. Hapa kwenu ni chini, karibu na mto. Kuna baridi inashuka usiku inakaa. Hiyo inachoma kama moto. Kwa hivyo usiku funika. Asubuhi jua likitoka, funua. Umesikia?"

"Nimesikia," mama akasema.

Baadaye wanaume walipokuwa wakila, mimi nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi nikimsikia yule dereva akiwaeleza mwisho wa baba. Alisema kwamba usiku wa mwisho baba aliomba maji. Mtu wa zamu pale zahanati alikuwa amekatazwa kumpa, sijui kwa nini, mambo ya dawa. Baba akaomba mpaka alfajiri. "Hakuuliza kitu kingine," dereva akasema. "Maji tu. Alikuwa analamba midomo." Wanaume wakaguna na kuendelea kula. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba au minane, na neno lile likaniingia likakaa.

Mama aliyapanda mawaridi juu ya kaburi, matatu huku na matatu huku, na moja upande wa kichwa. Usiku ule wa kwanza hakufunika kitu. Sababu yake ni hii, na ndiyo inayonifanya nisiwacheke watu wanaokosea wakiwa na akili timamu. Mama alizaliwa upande wa chini wa Kisii, kwenye kahawa, ambako usiku hauchomi kitu. Alikulia kwenye kitalu cha baba yake. Na kila mtu aliyewahi kulea miche kitaluni anajua kwamba mche unafunikwa mchana usiunguzwe na jua, na jioni unafunuliwa ili unywe umande. Mama alikuwa amefanya hivyo tangu alipojifunza kutembea. Sasa huyu dereva anamwambia afanye kinyume.

"Yule anajua usukani," alimwambia jirani yetu, Mama Nyanchama. "Miche ameiona wapi? Amechanganya usiku na mchana."

"Waache wanaume na magari yao," Mama Nyanchama akasema, wakacheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mazishi.

Basi tukafanya kwa njia ya kitalu. Asubuhi mama alichomeka matawi ya porini kuzunguka kila mche, yale yenye majani kama manyoya, na jioni kazi yangu ilikuwa kuyang'oa na kuyalaza pembeni. Niliipenda kazi ile. Jua likishuka nyuma ya kilima, hewa ya mto inapanda na harufu ya matope na mnanaa wa porini, na mimi nafunua mche mmoja mmoja kama mtu anayewaamsha watoto.

Siku moja nikamwuliza mama, "Umande unafika chini?"

"Chini wapi?"

"Kwa baba."

Mama alikuwa anafunga kuni, kamba iko kwenye meno. "Unafika," akasema.

"Anakunywa?"

"Anakunywa. Sasa shika hapa nivute."

Hakunidanganya kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na mtoto aliyejibiwa hunyamaza. Lakini mimi nililichukua jibu lile nikaliweka pamoja na maneno ya dereva, na mambo yote yakakaa sawa. Baba aliomba maji akanyimwa. Sasa mizizi ya mawaridi ilikuwa imefika mdomoni mwake, na umande wa jioni ulishuka kwenye majani, ukapita kwenye kijiti, ukamfikia. Na anayemfungulia ni mimi. Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo lililo wazi.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliishi juu ya kilima, na sisi tulikuwa kwenye kipande cha chini kwa sababu baba alikuwa mdogo. Wakati ule watu weusi walikuwa ndio wameanza kuruhusiwa kupanda chai, na bwana shamba alikuwa amepita na kamba yake akipima. Baba Mkubwa akashuka asubuhi moja na fimbo mkononi, akasimama mbele ya kaburi.

"Mama Kemunto," akasema, akimwita kwa jina langu, "unampandia ndugu yangu miiba?"

"Ni maua, shemeji."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi. Yanakaa tu."

Akacheka puani. "Bwana shamba ameshapima. Mistari ya chai inatoka kwangu, inashuka hapa kando ya nyumba yako mpaka mtoni. Nitaipindaje? Makaburi ya baba zetu yako wapi? Si tunalima juu yao na wametulia?"

"Wao hawakuacha kitu walichokiotesha kwa mkono," mama akasema. "Huyu ameacha. Sina kingine cha mkono wake. Hata mtoto huyu hatamkumbuka uso."

Baba Mkubwa akanitazama, kisha akaugusa mche wa upande wa kichwa kwa ncha ya fimbo, polepole, kama mtu anayemgusa mbwa asiyemjua. Alimpenda ndugu yake, na hilo lazima niliseme.

"Basi sikiliza," akasema. "Miche ya chai inakuja mvua ikishika. Siku hiyo nikikuta hii miiba imeshika, nitakuachia hapo, hatua sita kwa nne, na hakuna jembe litakaloingia nikiwa hai. Isiposhika, usinililie. Itakuwa shamba kama shamba lingine."

"Sitakulilia," mama akasema.

Kuanzia siku hiyo nilijua tunangoja nini. Mama alichota maji mtoni kwa ajili ya yale mawaridi kabla hajachota ya kunywa. Alisaga samadi kavu kwa vidole vyake mpaka ikawa kama unga. Yakachipua. Machipukizi ya waridi ni mekundu kama masikio ya mtoto mchanga ukiyatazama kwenye jua, nami nilikuwa sijawahi kuona jani jekundu kwenye mmea mzima. Mvua mbili zikanyesha. Wazee wakasema baridi ya kiangazi imekwisha kuondoka.

Asubuhi moja mama akashuka kwenye viazi vitamu vilivyokuwa karibu kabisa na mto, akakaa huko muda mrefu. Niliposhuka nikamkuta amesimama katikati ya matuta. Majani yote yalikuwa meusi na yamelala, kama mtu amepita akimwaga maji ya moto. Kwetu tulijua mvua ya mawe, inakuja na kelele na unaiona inakuja. Hii ilikuwa imekuja kimya. Nimeambiwa Kiswahili chake ni sakitu. Sisi tuliita baridi nyeupe, na wengi walikuwa wameisikia kwa watu wa Kericho tu.

Mama akatazama viazi, akatazama juu kwenye nyumba, akapima kwa macho. Zilikuwa hatua kama mia moja. "Yule mtu alisema kweli," akasema. Akapanda kilima mbio, nami nyuma.

Mawaridi yalikuwa mazima. Baridi ilikuwa haijafika kwao. Jioni ile mama akakusanya kila kitu kilichoweza kufunika. Vikapu vitatu, chungu kilichopasuka mdomo, ungo wa zamani, na gunia alilolikata vipande viwili. Juu ya kila kimoja akaweka majani makavu ya mgomba na jiwe. Ule wa kichwa aliufunika kwa kikapu kizuri kati ya vile vitatu, kile cha kubebea unga wa wimbi kwenda ugenini, kisha juu yake akaweka koti la baba.

Mama Nyanchama alipopita njiani akasimama. "Naona umeanza kufuga vifaranga," akasema.

"Vifaranga vyangu havitakula mtama wako," mama akamjibu bila kuinua kichwa.

"Vitataga lini?"

"Nenda zako, ugali wako unaungua."

Lakini Mama Nyanchama hakwenda. Aliweka mzigo wake chini akaleta mawe mengine mawili kutoka barabarani.

Kwa siku tisa tulifunika jioni na kufunua asubuhi. Asubuhi mbili kati ya hizo yale majani ya mgomba yalikuwa meupe juu, na mama akayanyanyua, na chini yake mawaridi yalikuwa yanatutazama kama jana. Siku ya saba ule wa kichwa ukatoa tumba. Lilikuwa kijani, dogo kuliko punje ya maharagwe, na mahali lilipopasuka kidogo palikuwa na mstari mwekundu. Baba Mkubwa akashuka. Akachuchumaa kama baba alivyochuchumaa, akatazama kwa muda.

"Kumbe," akasema.

Kesho yake alikuja na watu wa kuchimba mashimo ya chai. Niliwaona wakiteremka mstari baada ya mstari, na walipofika kando ya kaburi Baba Mkubwa mwenyewe akapima hatua sita, akapima nne, akachomeka vijiti. Mashimo yakazunguka. Mama alikuwa jikoni. Aliwapelekea wale watu uji bila kuombwa, na aliporudi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Ilikuwa imebaki siku chache tu miche ije.

Ilikuwa ni mimi tu niliyekuwa na taabu. Siku tisa baba hakuwa amekunywa. Kila jioni nilimsaidia mama kufunika, nikiweka mawe, na kila jiwe nililoweka niliona ninamwekea baba mdomoni. Nilijaribu mara moja kumwambia mama. "Hatasikia kiu?" nikauliza. Mama akadhani nasema habari za ng'ombe wetu. "Ameshakunywa mtoni," akasema.

Ijumaa ikafika. Sisi tulikuwa Wasabato, na jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia, hakuna kazi. Mama alitaka kwenda kanisani kufungua Sabato pamoja na wenzake, mara ya kwanza tangu awe mjane. Alivaa nguo yake nyeupe, akaniita. "Funika yote kabla jua halijaingia," akasema. "Yote saba. Usiache hata moja. Anga leo haina wingu."

Nikafunika yote saba. Niliweka kila jiwe. Ninasema hivi kwa sababu ni kweli, na kwa miaka mingi niliishikilia kweli hiyo. Kisha nikakaa kwenye kizingiti nikitazama. Jua likazama. Hewa ikawa kali, puani ilikuwa kama kunusa chuma. Nyota ya kwanza ikatoka. Nikafikiri kwamba ule umande ungekuwa mwingi usiku huo kuliko siku zote, na yeye yuko chini analamba midomo, na mtu wa zamu ni mimi.

Nikainuka nikaenda nikafunua. Niliondoa jiwe, jani, kikapu. Niliondoa koti. Nikalala na mpango kwamba nitaamka kabla ya mama na kuvirudisha. Mama aliporudi giza lilikuwa limeshika. Akaniuliza kutoka mlangoni, "Umefunika?"

"Nilifunika," nikasema.

Niliamka ndege wa kwanza wakianza. Nje nyasi zilivunjika chini ya nyayo zangu kwa sauti ndogo. Kila kitu kilikuwa cheupe, uwanja, uzio, mashimo ya chai yote na vijiti vya Baba Mkubwa. Na mawaridi yalikuwa meupe, kila jani limepakwa hadi kwenye meno yake, na lile tumba lilikuwa kama kitu cha kioo. Sijaona kitu kizuri hivyo tena. Nilifurahi. Nilidhani ni umande mwingi kupita kiasi, umejaa mpaka umebaki juu. Nilidhani baba amekunywa, ameshiba, na mwingine ameuacha.

Nikafunika yote tena vizuri, nikarudi kitandani, nikaipasha moto miguu yangu kwa mgongo wa mama. Akaguna, akasogea anipe nafasi.

Jua lilipofika uwanjani mama akaenda kufunua. Alianza na vile vikapu viwili. Majani yalikuwa yamelowa na rangi yake ilikuwa nzito, kama yamechemshwa. Akafunua chungu, ungo, magunia. Jua lilivyozidi kuyapiga yalianza kulegea mbele ya macho yetu, yakainama, yakawa meusi. Harufu yake ilikuwa ya mboga zilizopikwa zikasahauliwa chunguni. Akafunua ule wa kichwa. Tumba lilikuwa limening'inia kwa uzi.

"Lakini tulifunika," akasema. Akanigeukia. "Ulifunika yote?"

"Nilifunika yote."

"Hata huu?"

"Hata huo."

Hapakuwa na neno moja la uongo. Mama akakichukua kile kikapu kizuri akakiinua juu kwenye mwanga, akakigeuza polepole, akitafuta tundu. Akakagua cha pili, na cha tatu. Akapitisha kidole kwenye ufa wa chungu. Nilisimama pale nikimtazama akitafuta tundu, na ndipo nilipoanza kuelewa, siyo yote, lakini kiasi cha kutosha kufunga mdomo.

"Basi ni mimi," akasema mwishowe. "Yaliumia tangu mwanzo. Zile siku zote za kuyaacha wazi. Yule mtu aliniambia siku ya kwanza, kwa maneno ya kawaida, na mimi nikamcheka."

Ilikuwa Sabato, amevaa nguo nyeupe ya kanisani. Akapiga magoti akayang'oa. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona mama akiingiza mkono kwenye udongo siku ya Sabato, maisha yake yote. Aling'oa yote saba, akayapanga chini. Miiba ilimkata, hakujali. Nafikiri hakutaka Baba Mkubwa ndiye ayang'oe. Alikuwa ameahidi kwamba hatalia, na njia ya kutolia ilikuwa kumaliza mwenyewe kabla hajaulizwa.

Alipopanda kilima kwenda kumwambia, mimi nilibaki na vile vijiti. Nikachukua kimoja nikakikwaruza kwa ukucha karibu na mizizi. Chini ya ganda kilikuwa kijani, kijani kibichi kabisa, na chenye maji. Nikakiona, nikakirudisha mahali pake. Sikujua maana yake.

Baba Mkubwa akashuka nyuma ya mama. "Yote?" akauliza.

"Yote, shemeji. Pitisha mistari yako."

"Hata lile lililokuwa na ua?"

"Hata lile."

Akavua kofia. Kisha akang'oa vijiti vyake vya mpaka. Angekuwa mtu mbaya, ningekuwa na mahali pa kuliweka jambo hili. Miche ya chai ilipokuja wiki iliyofuata, alipanda kwenye ile sehemu mwenyewe, hakumwachia kibarua. Mistari ikashuka imenyooka mpaka mtoni kama bwana shamba alivyotaka, na kufikia mvua ya vuli hakuna mtu aliyeweza kusema kaburi linaanzia wapi na kuishia wapi. Mama alijaribu. Nilimwona akihesabu hatua kutoka ukutani, akisimama, akirudi kuanza upya.

Tukaichuma ile chai. Tulikula kwayo, nami nilisomeshwa kwayo hadi darasa la nne, nilipofikia umri wa kubeba kikapu.

Miaka kadhaa baadaye baridi nyeupe ilikuja tena, ikaunguza chai yote ya chini ikawa ya rangi ya tumbaku. Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa. Watu walilia, lakini bwana shamba akasema tusing'oe kitu, tukate tu, mzizi uko hai. Tukaikata chini kwa panga. Baada ya wiki chache machipukizi yakatoka kwenye kila kisiki. Mama alikuwa anapalilia karibu na nyumba. Akainama kutazama kisiki kimoja, akakishika kwa vidole viwili, akakikwaruza ganda. Kisha akakaa chini palepale kwenye matope, na panga kwenye mapaja. Nilikuwa mstari wa pili. Niliona uso wake ukifikia mahali ambapo mimi nilikuwa nimefika asubuhi hiyohiyo.

"Ningengoja," akasema, siyo kwangu. "Ningengoja wiki tatu tu."

Hapo ningeweza kusema. Nilijifanya natafuta kikapu changu.

Niliolewa, nikazaa, nikaanza kuitwa nyanya. Mama alipozeeka na miguu ikakataa, nilimleta kwangu. Alikaa nami miaka minne. Akili yake ilikuwa safi, isipokuwa ilizunguka mambo yaleyale. Siku moja mchana nilikuwa namkata kucha, naye akatazama mikono yake.

"Baba yako alinitumia mtu wa kunieleza," akasema. "Alimtuma mtu mzima, na lori. Usiku funika. Maneno mawili. Angekuwa na mahali pake mpaka leo."

Nilikuwa nimeshika kidole chake. Nilikuwa mwanamke mwenye mvi, sikumwogopa mtu yeyote, hata machifu walijua hilo. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba. Maneno yote yalikuwa hapa kwenye ulimi, nimeyabeba tangu nina miaka saba au minane, na yalikuwa mepesi kusema. Mama, haikuwa wewe.

"Ningemsikiliza yule dereva," akasema. "Au siyo?"

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ungemsikiliza."

Akatikisa kichwa kukubali, akanipa mkono wa pili.